Kuishi China na mtoto mdogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wazazi wa Afrika Mashariki wanaoishi, au wanaojiandaa kwenda kuishi, Guangzhou, Yiwu, Beijing, Shanghai na miji mingine ya China wakiwa na mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitatu. Wengi huogopa chakula na baridi, lakini hayo mtu huyazoea. Kinachowasumbua watu kweli ni karatasi na vipimo vya dawa, ndiyo maana sehemu hizo ni ndefu kuliko nyingine.

Mtoto anaingia kwa viza gani?

Kama mzazi anafanya kazi au anasoma China, mtoto huombewa S1 akija kukaa zaidi ya siku 180, na S2 akija kwa siku 180 au pungufu. Mfanyabiashara anayeingia na kutoka kwa viza ya M hana ukaazi wa kumwegemeza mtoto, kwa hiyo asitegemee S1 mpaka atakapopata kibali cha kazi.

Kwenye viza ya S1 mtaona siku za kukaa zimeandikwa 000. Hilo si kosa la uchapaji. Viza hiyo ni ya kuvukia mpaka tu, na ndani ya siku 30 tangu kuingia ni lazima mwende ofisi ya uhamiaji ya polisi (churujing, 出入境) kuomba kibali cha ukaazi. Ada ni yuan 400 kwa kibali cha chini ya mwaka mmoja, na yuan 800 kwa cha kuanzia mwaka mmoja hadi chini ya mitatu. Pasipoti hubaki kwao hadi siku 15 za kazi. Mnapewa risiti inayowawezesha kupanda treni na kulala hotelini, lakini hamwezi kutoka nje ya nchi, basi msikate tiketi ya likizo katikati ya wiki hizo.

Kibali cha mtoto hakivuki cha mzazi wala muda wa pasipoti yake. Pasipoti iliyobakiza mwaka mmoja itawapa kibali kifupi na safari nyingine ya ofisini, kwa hiyo ihuishe kabla ya kuondoka. Mwenye kibali cha ukaazi cha S1 haruhusiwi kufanya kazi. Mke au mume anayefuata na mtoto alijue hilo mapema.

Kwa wanafunzi tuseme wazi: posho ya ufadhili wa serikali ya China ni yuan 3,000 kwa mwezi kwa shahada ya uzamili na 3,500 kwa uzamivu, nayo imepangwa kwa mtu mmoja anayelala bwenini. Familia nzima haiwezi kuishi kwa fedha hiyo Beijing wala Shanghai.

Cheti cha kuzaliwa kinahitaji nini?

Lazima kithibitishwe kabla hamjaondoka. China imo katika Mkataba wa Apostili tangu 7 Novemba 2023, hivyo cheti kilichotolewa Burundi, Oman, Uingereza au Marekani kinahitaji muhuri wa apostili (uthibitisho wa hati unaotambuliwa na nchi wanachama) peke yake. Kikitoka nchi isiyo mwanachama, njia ni ile ya zamani: wizara ya mambo ya nje ya nchi iliyokitoa, kisha ubalozi wa China. Mkifika China kitafsiriwe na kampuni yenye muhuri rasmi. Tafsiri ya rafiki, hata iwe nzuri namna gani, haipokelewi.

Vyeti hukataliwa kwa sababu zilezile kila mara. Ya kwanza, mzazi analeta tangazo la kizazi la hospitali akidhani ndicho cheti. Ya pili, jina la mama kwenye cheti ni la ukoo wake na kwenye pasipoti ni la mume. Hapo leteni pia cheti cha ndoa kilichothibitishwa. Ya tatu, herufi: Mohamed hapa, Mohammed pale. Rekebisheni nyumbani. Kurekebisha mkiwa China ni kutuma karatasi halisi kwa mtu anayesafiri na kungoja.

Ni kweli hata mtoto mchanga huandikishwa polisi?

Ndiyo. Mkilala hotelini, hoteli inawaandikisha. Mkihamia nyumba ya kupanga au kufikia kwa jamaa, kila mgeni aandikishwe ndani ya saa 24 kwenye kituo cha polisi cha mtaa (paichusuo, 派出所), mtoto akiwemo. Bebeni pasipoti, mkataba wa pango, nakala ya kitambulisho cha mwenye nyumba na hati ya nyumba. Baadhi ya miji inaruhusu kufanya hivyo kwa simu. Kuchelewa kunaweza kuleta onyo au faini isiyozidi yuan 2,000, lakini maumivu makubwa ni kwamba bila karatasi hiyo ofisi ya uhamiaji haiwapi kibali. Kabla ya kulipa pango la nyumba yoyote, muulizeni mwenye nyumba kama atatoa nakala hizo. Akisita, tafuteni nyingine.

Na aliyezaliwa China?

Wazazi wote wawili wakiwa wageni, mtoto hapati uraia wa China kwa kuzaliwa pale. Hospitali hutoa cheti chake cha kuzaliwa, mnaomba pasipoti kwenye ubalozi wenu, kisha ndani ya siku 60 tangu azaliwe mnamwandikisha ofisi ya uhamiaji. Siku 60 huisha upesi pasipoti inapongojwa kutoka nyumbani. Mkiona zinakaribia, nendeni na cheti na barua ya ubalozi mkaeleze kabla hazijapita.

Mzazi mmoja akiwa Mchina, mtoto aliyezaliwa China ni raia wa China kwa sheria ya 1980, na sheria hiyohiyo haitambui uraia pacha. Pasipoti ya Kenya au Tanzania haitabadili jambo hilo machoni pa afisa wa uhamiaji. Hapo ulizeni ofisi ya uhamiaji ya mji wenu kuhusu hati ya kusafiria kabla ya kununua tiketi.

Kwa nini mfumo wa hospitali au treni unamkataa mtoto wangu?

Karibu kila mara ni jina. Mifumo hutaka jina lile lile la kwenye pasipoti, kwa mpangilio ule ule, na mingine inataka herufi kubwa, mingine haitaki nafasi kati ya maneno. Jina la maneno matatu huandikwa kwa namna tatu na makarani watatu, na kila namna huzaa faili jipya. Siku ya kwanza hospitalini, piga picha ya jinsi karani alivyoliandika na umwonyeshe kila karani anayefuata. Kwenye WeChat, mtoto huongezwa chini ya akaunti ya mzazi kama mgonjwa (就诊人) kwa kuchagua aina ya kitambulisho “pasipoti”. Ukiacha chaguo la kitambulisho cha Kichina, namba yako itakataliwa daima.

Chanjo alizopata nyumbani zinatambuliwa?

Zinatambuliwa, ila muuguzi wa Kichina haelewi kadi ya kliniki yetu. Neno “Penta” halimwambii kitu. Andikeni upya kila mstari kwa ugonjwa: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na Hib (bakteria anayeleta homa ya uti wa mgongo), zote zikitafsiriwa kwa Kichina, na tarehe ianze na mwaka: 2024-03-05. Ukiacha 05/03/2024 atasoma Mei 3, na dozi itaonekana kama imetolewa mapema mno.

Peleka tafsiri hiyo na kadi yenyewe kwenye kituo cha afya cha mtaa (社区卫生服务中心). Watamfungulia kijitabu cha chanjo cha China (预防接种证). Msikipoteze, maana chekechea haimpokei mtoto bila hicho.

Tofauti kubwa ni hizi. Ratiba ya China ina homa ya ubongo ya Japani (miezi 8 na miaka 2), homa ya uti wa mgongo aina ya A (miezi 6 na 9) na homa ya ini A (miezi 18), ambazo ratiba ya kawaida ya Tanzania na Kenya haina. Chanjo ya surua na rubela tunayopata miezi 9 na 18 haina matumbwitumbwi. Ya China inayo, nayo hutolewa miezi 8 na 18. Kwa upande mwingine, Hib, nimonia na rotavirusi, ambazo kwetu ni bure, China hulipiwa. Aliyemaliza dozi hizo nyumbani ameokoa fedha nyingi. Kifaduro, dondakoo na pepopunda hufuata mpangilio mpya tangu Januari 2025: miezi 2, 4, 6 na 18, kisha miaka 6.

Chanjo mbili hai hutolewa siku moja au zipishane siku 28. Baada ya sindano mnakaa kituoni dakika 30, na mlangoni hamruhusiwi kutoka mapema. Mtoto mwenye homa au kikohozi kizito atarudishwa nyumbani, hivyo msipange chanjo siku ya mwisho kabla ya safari.

Kuna chanjo ya kulipia inayofaa kununuliwa?

Ya EV71. Hii ni ya ugonjwa wa mikono, miguu na midomo, ambao hupita kwenye chekechea za China kila mwaka. EV71 ndicho kirusi kinachosababisha hali mbaya zaidi. Ni dozi mbili kwa kupishana mwezi mmoja, kuanzia miezi 6, na ni vizuri zimalizike kabla ya mwaka mmoja. Haizuii virusi vingine vya ugonjwa huohuo, kwa hiyo mtoto aliyechanjwa anaweza bado kupata malengelenge. Msione mmeibiwa. Tetekuwanga na mafua vifuate kama mfuko unaruhusu.

Mtoto ana homa saa nne usiku. Tufanye nini?

Kwanza mwangalie mtoto, kipimajoto baadaye. Anayecheza na kunywa akiwa na 39 anaweza kungoja asubuhi. Aliye chini ya miezi mitatu mwenye 38, anayepumua kwa shida, aliyelegea, mwenye degedege au ambaye hajakojoa kwa saa nane aende sasa hivi. Gari la wagonjwa ni 120, lakini mjini teksi mara nyingi hufika kwanza.

Nendeni hospitali yenye dharura ya watoto (儿科急诊). Si kila hospitali kubwa ina daktari wa watoto usiku. Guangzhou kuna Kituo cha Tiba cha Wanawake na Watoto, Beijing kuna Hospitali ya Watoto ya Beijing, Shanghai kuna Hospitali ya Watoto ya Chuo Kikuu cha Fudan. Mwendo ni huu: mnajiandikisha na kulipa ada ya kumwona daktari (guahao, 挂号), muuguzi anapima joto na uzito, mnangoja namba, daktari anamwona kwa dakika chache na kuandika kipimo. Mnalipa kipimo, mtoto anatobolewa kidole, majibu yanatoka kwenye mashine kwa kuskani karatasi. Mnarudi kwa daktari yuleyule bila kujiandikisha upya, mnalipa dawa, mnachukua dirishani. Kila hatua ina malipo yake, na hakuna atakayewaambia mwende wapi. Mmoja abaki na mtoto, mwingine ashike simu na foleni. Mzazi aliye peke yake abebe mbeleko, maana kigari hakipiti kwenye msongamano.

Daktari akiandika dripu, uliza sababu. “Anaweza kunywa dawa?” ni *neng chi yao ma?* Mara nyingi jibu ni ndiyo.

Degedege ikitokea mbele za watu, mtu atataka kumbonyeza mtoto chini ya pua kwa kucha. Ni imani ya zamani, haisaidii. Mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni, hesabu dakika. Ikipita tano piga 120.

Dozi za dawa za homa ni zilezile za nyumbani?

Hapana, na hapa ndipo tunapoomba msomaji atulie. Sirapu ya parasetamoli tuliyoizoea ina miligramu 120 katika mililita 5, yaani 24 kwa mililita. Dawa za China zina nguvu tofauti, na chupa ndogo ndiyo kali zaidi:

- parasetamoli ya matone (15ml:1.5g): miligramu 100 kwa mililita
- parasetamoli ya chupa kubwa (100ml:3.2g): miligramu 32 kwa mililita
- ibuprofeni ya matone (15ml:0.6g): miligramu 40 kwa mililita
- ibuprofeni ya chupa kubwa (100ml:2g): miligramu 20 kwa mililita

Mtoto wa kilo 10 hupewa parasetamoli miligramu 100 hadi 150 (10 hadi 15 kwa kilo). Kwa matone hayo ni mililita 1 hadi 1.5 tu. Mzazi anayempa “kijiko kimoja” kama nyumbani amempa miligramu 500. Ibuprofeni ni 5 hadi 10 kwa kilo, kwa hiyo kilo 10 haizidi mililita 5 za chupa kubwa au 2.5 za matone. Parasetamoli irudiwe si kabla ya muda wa saa nne kupita, ibuprofeni si kabla ya muda wa saa sita kupita, na yoyote isizidi mara nne kwa siku. Ibuprofeni haifai chini ya miezi sita bila daktari, wala kwa mtoto anayetapika na kuharisha hadi amekauka. Guangdong wakati wa joto kuna dengi. Homa ya ghafla huko ianze na parasetamoli.

Mtego mwingine ni pakiti za unga wa mafua ya watoto, 小儿氨酚黄那敏颗粒, ambazo kila duka la dawa huuza. Ndani ya kila pakiti kuna parasetamoli miligramu 125. Ukizitoa pamoja na matone, umempa dawa moja mara mbili. Tafuta maneno 对乙酰氨基酚 kwenye boksi. Hiyo ndiyo parasetamoli. 布洛芬 ni ibuprofeni. Tumia bomba la kupimia lililo ndani ya boksi lilelile, la chupa nyingine halifai.

Nyumba gani inafaa?

Nyumba iliyopakwa rangi na kuwekewa makabati mapya inanukia vizuri kwa mpangaji na vibaya kwa mtoto. Gundi ya mbao hutoa fomaldehaidi (jiaquan, 甲醛). Kiwango cha China cha hewa ya ndani ni kisichozidi miligramu 0.08 kwa mita ya ujazo. Chukueni nyumba iliyokaliwa angalau mwaka. Mkaa wa kwenye mifuko na maganda ya matunda ambayo dalali atawaletea havisaidii kitu cha maana. Madirisha wazi husaidia.

Madirisha yenyewe ni hatari. Ghorofa ya ishirini bila nondo ni jambo la kawaida. Wekeni vizuizi ili dirisha lisifunguke zaidi ya sentimita 10, na msiache kochi wala kitanda chini yake.

Kaskazini kuna joto la mabomba. Beijing huwashwa rasmi 15 Novemba na kuzimwa 15 Machi. Ndani kunakuwa na joto na ukavu mkali. Pua hutoka damu, ngozi hupasuka, na mafuta ya nazi mepesi hayatoshi, pakeni mafuta mazito mara baada ya kuoga. Kusini, Guangzhou na hata Shanghai, hakuna joto la mabomba, na ndani huweza kuwa baridi kuliko nje. Siku za moshi, fuateni namba ya hewa kwenye simu: ikizidi 150, mtoto abaki ndani na mashine ya kusafisha hewa iwake chumba anacholala. Barakoa haimkai mtoto wa umri huu.

Watoto wenye ngozi nyeusi, hasa kaskazini wakati wa baridi, wapewe vitamini D, uniti 400 kwa siku. Vidonge vingi vya China vya watoto huchanganya A na D, na kuna aina ya chini ya mwaka na ya juu ya mwaka. Mwambieni daktari kama mtoto ametoka kupewa matone ya vitamini A kliniki ya nyumbani.

Uji na ugali vitapatikana?

Ulezi ni wa kutafuta. Mtama mdogo wa njano (xiaomi, 小米) uko kila soko, na Wachina wenyewe huwapikia watoto uji wake. Kwa ugali, nunua 玉米面, unga wa mahindi, nao huwa wa njano. Usinunue 玉米淀粉: huo ni wanga wa mahindi, na sufuria yako itageuka gundi. Unga mweupe hupatikana kwenye maduka ya Waafrika Guangzhou, maeneo ya Xiaobei na Sanyuanli. Kwa Waislamu, neno la kutafuta ni 清真. Maji ya bomba hayanywewi, chemsheni. Maziwa ya kopo huandikwa kwa namba: 1段 hadi miezi 6, 2段 hadi 12, 3段 hadi miaka 3.

Tunaweza kuja na dada wa kazi?

Kwa kawaida hapana. Hapati kibali cha kazi hiyo. Mtaajiri ayi (dada wa kazi) wa huko. Kabla ya kumkubali, ombeni kitambulisho chake, cheti cha afya na majibu ya kifua na homa ya ini, na muandikiane kazi kwa orodha, kwa sababu “kulea” kwake huenda kusiwe na kupika kwenu. Elezeni mapema mambo mawili: mtoto havishwi nguo tabaka nne ndani ya nyumba, na hashikiliwi akojoe barabarani. Atabisha kwenye la kwanza.

Chekechea (youeryuan) huanzia miaka 3, ambayo mtoto awe ametimiza kufikia 31 Agosti. Chini ya hapo kuna vituo vya kulelea watoto wadogo (tuoban). Huombwa kijitabu cha chanjo na cheti cha uchunguzi wa afya kutoka hospitali ya mama na mtoto.

Watu wanamgusa nywele na kumpiga picha. Tuseme nini?

*Bie mo* (别摸), usiguse. *Qing bie pai* (请别拍), tafadhali usipige picha. Sema ukitabasamu na ugeuze kigari. Bibi atakayelalamika kwamba miguu ya mtoto iko wazi anakujali tu. Mvishe soksi, yaishe. Pipi na vikombe vya jeli wanavyogawa, pokea na utie mfukoni, maana jeli hizo hukaba.

Kwenye treni mtoto analipa?

Chini ya miaka 6 ni bure bila kiti chake, mmoja kwa kila mtu mzima mwenye tiketi. Kuanzia 6 hadi kabla ya kutimiza 14 ni tiketi ya mtoto. Maji ya moto yapo kila behewa. Teksi hazina kiti cha mtoto.

Tunarudi nyumbani likizo. Kuna la kuangalia?

Mtoto aliyeishi China amepoteza, au hajawahi kuwa na, kinga ya malaria, hata kama wazazi wamekulia Tanga au Kisumu. Muoneni daktari kuhusu dawa ya kinga kwa uzito wake, na chandarua kitumike tangu usiku wa kwanza. Mkirudi China, ulizeni paichusuo kama mnatakiwa kuandikishwa upya.

WHO iliitangaza China kuwa nchi isiyo na malaria 30 Juni 2021, na matokeo yake ni kwamba daktari kijana wa dharura huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa malaria. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya safari, semeni kabla hamjaulizwa: *Gang cong Feizhou huilai, qing cha nüeji* (刚从非洲回来，请查疟疾), ametoka Afrika, mpimeni malaria. Kipimo cha kidole cha kawaida hakitafuti vimelea. Ombeni damu itazamwe kwa darubini, na ikitoka safi huku homa ikiendelea, irudiwe baada ya saa 12 hadi 24. Kama mtoto ana selimundu au upungufu wa G6PD, maneno hayo yawe yameandikwa kwa Kichina kwenye simu zenu wote wawili: 镰状细胞病 na 蚕豆病. La pili madaktari wa Guangdong wanalijua sana. La kwanza itabidi mweleze.